Mwami Musinga na kitunga cha mutama

Kila mwaka, mwezi wa tisa na wa kumi, habari za Ulaya zinatuletea picha za mavuno ya zabibu. Mu miji midogo ya Ufaransa na ya Uswisi watu wanashuka mu mashamba ya mizabibu na vitunga mugongoni, wanakata, wanakamua, kisha wanafanya sikukuu: muziki, maandamano, divai mpya mu glasi. Ku Vevey, mu Uswisi, sikukuu hiyo ni kubwa sana hata wanaifanya mara moja tu kwa kizazi; mu 2019 waliifanya. Sisi huku Masisi na Walikale zabibu tunaijua mu Biblia na mu kikombe cha padri. Mashamba yetu ni ya maharagi, mahindi, mihogo, ndizi na mutama. Lakini furaha ya siku ya kuvuna tunaielewa bila mutu kutufasiria.

Leo tunawaelezea maisha ya mutu mumoja ambaye sikukuu ya mavuno ilikuwa mikononi mwake: Yuhi Musinga, mwami wa Rwanda. Mu 1925 serikali ya Wabelgiji ilikataza sikukuu yake. Mu 1931 ikamunyanganya kiti. Mu 1944 akakufa ku Moba, mu Congo yetu, mbali na ngombe zake na makaburi ya baba zake. Tangu sikukuu kukatazwa mupaka kiti kuanguka ni miaka sita tu, na sisi tunaona kwamba mambo hayo mawili ni jambo moja.

Tunajua kwamba jina la mwami wa Rwanda, likitajwa mu Masisi ao mu Walikale, ni kama kiberiti karibu na majani makavu. Baba ya Musinga alivuka ziwa na majeshi. Watu wa Idjwi na wa Bushi hawakumupokea kama mugeni wa arusi. Basi tuseme mapema: hatuandiki kwa kusifu kiti cha mutu, wala kwa kupima udongo wa mutu. Bami wetu wa hapa nao walionja dawa ileile ya mukoloni. Tunaandika juu ya Musinga kwa sababu mambo yake yanajulikana, na kwa sababu mwisho wake ulikuwa kwetu.

Usiku wa Rucunshu

Musinga alizaliwa karibu na mwaka 1883. Baba yake alikuwa Kigeli Rwabugiri, mwami wa vita, ambaye alikufa mu 1895 mu safari moja ya vita upande wa ziwa Kivu. Mama yake alikuwa Kanjogera. Mbele ya kufa, Rwabugiri alikuwa amekwisha kuchagua mutoto mwingine wa kumufuata, Rutarindwa. Na kwa kuwa mama ya Rutarindwa hakuwa tena mu dunia, Kanjogera akawekwa kuwa mama-mufalme mu nafasi yake. Mutu yeyote aliyekaa mu nyumba yenye wake wengi anaweza kuona hatari iliyokuwa humo. Kanjogera alikuwa na mutoto wake wa kuzaa, na alikuwa na kaka zake, zaidi Kabare, mutu wa akili nyingi na huruma kidogo.

Mu 1896, ku Rucunshu, makundi mawili yakapigana. Rutarindwa alipoona ameshindwa, akaingia mu nyumba pamoja na watu wake, na nyumba ikawaka moto juu yao. Kisha damu nyingine ikafuata, kwa sababu washindi waliogopa kila mutu aliyekuwa upande wa Rutarindwa. Musinga alikuwa kijana wa miaka kama 13. Mu 1897 wakamuweka ku kiti na kumupa jina la Yuhi. Alipewa kofia ya ufalme, lakini amri zilitoka mu kinywa cha mama yake na cha mujomba wake.

Jina la Yuhi lilikuwa na miiko yake. Bami wa Rwanda walipokezana majina kwa zamu, na kila jina lilikuwa na kazi yake: jina hili ni la vita, lile ni la ngombe na amani. Yuhi alikuwa mwami wa kukaa mahali. Desturi ilimukataza kuvuka muto Nyabarongo. Tuiweke hiyo akilini, kwa maana tutairudilia mwishoni.

Mwaka uleule wa 1897, afisa wa Wajerumani, kapiteni Ramsay, akafika ku baraza la mwami. Watu wa baraza hawakumupiga vita. Walikuwa na haraka ya kupata rafiki mwenye bunduki, kwa kuwa kiti kilichopatikana kwa moto hakilali usingizi muzuri. Wakapokea barua yake ya ulinzi na bendera yake. Mutoto wa miaka 14 hakuweza kujua kwamba mulinzi wa mulango anaweza siku moja kuomba na ufunguo.

Kitunga kinachotoka Bumbogo

Sasa tueleze sikukuu yenyewe, kwa sababu bila kuielewa hatuwezi kuelewa mutu huyu.

Kwa Kinyarwanda inaitwa Umuganura. Ni sikukuu ya malimbuko, maana yake mavuno ya kwanza. Masimulizi ya kule yanasema ilianza na Gihanga, mwami wa kwanza, ikapotea wakati wa mashaka, na Ruganzu Ndori akaisimamisha tena. Zabibu ya Rwanda ilikuwa mutama, na pamoja nao ulezi. Mutama unatoa bugali na unatoa pombe. Kwa hiyo mu kitunga kimoja kuna chakula na kinywaji, kama vile kwa Wazungu mukate na divai.

Mutama wa sikukuu haukutoka popote tu. Ulilimwa mu Bumbogo, kaskazini ya Kigali, chini ya ukoo mumoja uliopewa kazi hiyo, ukoo wa Watsobe. Mukubwa wa ukoo huo alikuwa mumoja wa Abiru, wale wazee waliotunza siri za ufalme. Siri hizo hazikuandikwa. Zilikaa mu kichwa, neno kwa neno, baba akimufundisha mutoto, na mutu aliyepoteza neno alipoteza mambo makubwa. Wao walijua siku gani mbegu inatolewa, nani anaibeba, kitunga kinapita njia gani, nani anasonga bugali, na mwami anakula namna gani.

Mutama mupya ulipofika ku baraza, mwami pamoja na mama-mufalme walikula bugali yake na kunywa pombe yake mbele ya watu. Mbele ya siku ile, hakuna mutu aliyepaswa kugusa mavuno mapya. Nyuma yake, nyumba zote zilifunguka. Kila baba alifanya vilevile kwake: aliwakusanya watoto, aliwagawia mavuno mapya, na watoto waliooa ao kuolewa walirudi na vitunga kwa wazazi wao. Ngoma zikapigwa, watu wakacheza, wakanywa.

Muchimbaji anajua vizuri neno hili la kula kwanza. Mu shimo kuna kanuni: kuna anayetoa mali ya kuanza, kuna PDG, kuna wenye kushuka chini, kuna wenye kubeba, na madini yakitoka, kila mutu anaangalia ni mukono wa nani unaingia mu gunia wa kwanza. Mu Umuganura mukono wa mwami uliingia wa kwanza, lakini haukuingia kwa kumaliza. Uliingia kwa kufungua. Tonge la mwami lilikuwa ruhusa ya tonge la kila mutu. Kama mwami hakula, hakuna aliyekula. Na kama mwami alikula, hakuweza kumunyima mwingine.

Tusidanganyane lakini. Kitunga kile kilikuwa na uzito ku bega la mukulima. Kulikuwa kodi za ngombe, za maharagi, za asali, na kulikuwa uburetwa, kazi ya bure ambayo Wahutu walifanya kwa mashefu bila kulipwa. Mu kaskazini ya Rwanda kulikuwa watu ambao hawakukubali kabisa utawala wa Musinga, na mu 1912 Wajerumani walishuka na bunduki kuvunja uasi wa Ndungutse. Siku moja ya ngoma haikufuta siku nyingi za jasho. Ndiyo maana hatusemi kwamba zamani ilikuwa paradiso. Tunasema tu kwamba kulikuwa siku moja ambayo mukubwa na mudogo walikula mavuno mamoja, na siku ile ilishikilia inchi nzima kama muhimili unavyoshika shimo.

Mwami aliyejua Kiswahili

Musinga alikomaa mu Nyanza, ambako baraza lilitulia karibu na mwisho wa karne ile. Mbele yake bami walihamahama, yeye alikaa. Alikuwa murefu sana, zaidi ya mita mbili. Mu 1907, duke mumoja wa Ujerumani, Adolf Friedrich wa Mecklenburg, alipita Nyanza na wapiga picha wake, na mu picha zile vijana wa baraza wanaruka juu ya kamba iliyo juu kuliko kichwa cha Muzungu. Mwaka uleule Richard Kandt akawekwa kuwa rezida na akaanzisha Kigali. Wajerumani walikuwa wachache sana, basi walitawala kupitia mwami, na mwami naye alitawala kupitia wao.

Hapa kuna neno linalotugusa sisi wasomaji wa ukurasa huu. Musinga alijifunza Kiswahili, kukisoma na kukiandika. Kilikuwa lugha ya askari, ya wafanya biashara kutoka pwani, ya ofisi za Wajerumani. Akaelewa kwamba mutu anayengoja mukalimani anasikia mambo yakiwa yamekwisha kupoa. Kiswahili kwake kilikuwa kama taa ya kichwa: hakiondoi jiwe, lakini kinaonyesha mahali jiwe liko.

Mapadri Weupe walifika ku baraza mu mwezi wa pili wa 1900, na Askofu Hirth. Watu wa mwami wakawapa mahali ku Save, upande wa kusini, si karibu sana na kiti. Musinga aliwaruhusu kufundisha, lakini yeye mwenyewe hakutaka ubatizo. Wengi walifikiri ni kiburi ao ni giza. Sisi tunaona kulikuwa na sababu ya wazi. Mwami wa Rwanda hakuwa tu mukubwa wa serikali. Alikuwa mutu ambaye mwili wake uliletea inchi mvua, maziwa na mutama. Kumubatiza kulikuwa kumutoa mu kazi hiyo. Angekubali maji ya padri asubuhi, nani angekula mutama mupya jioni?

Wabelgiji na mwaka wa 1925

Vita ya 1914 ilifika hapa kwetu pia. Wajerumani waliingia Idjwi, na askari walipigana upande wa Gisenyi na Goma. Mu mwezi wa tano wa 1916 jeshi la Wabelgiji, ambalo askari wake walikuwa Wakongomani, likaingia Kigali na Nyanza. Wajerumani wakakimbia, Musinga akabaki. Alikuwa amefanya urafiki na mulinzi wa mulango, na sasa mulinzi alibadilika bila mwenye nyumba kuulizwa.

Wabelgiji hawakumuondoa mara moja. Walimupunguza, kidogo kidogo, kama mutu anayekata muti bila kutaka uanguke juu yake. Mu 1917 walimulazimisha kutangaza uhuru wa dini, na wakamuondolea uwezo wa kuua ao kuponya. Mu 1922 wakaweka mutu wao pembeni yake mu hukumu. Mu 1923 wakamukataza kuweka ao kuondoa shefu bila ruhusa ya rezida. Kila mara alipoteza kitu ambacho kilionekana. Kwa kila kitu angeweza kupata sababu ya kunyamaza: ni sheria, ni ofisi, ni karatasi.

Mu 1925 waligusa kitunga. Umuganura ukakatazwa. Na mukubwa wa kazi ile, Gashamura, mwiru wa Bumbogo, akashikwa na kupelekwa Burundi.

Tutafakari jambo hili kidogo. Kwa nini serikali yenye bunduki, yenye barabara na kodi, iogope mutama? Kwa nini imufukuze muzee ambaye kazi yake ni kujua siku ya kutoa mbegu? Kwa maana waliona sawasawa. Waliona kwamba amri ya mwami inaweza kuandikwa upya mu ofisi, lakini utii wa watu ulikuwa unafanywa upya kila mwaka siku ile, mu kila nyumba, bila askari na bila kalamu. Mwami anayekataliwa kuua anabaki mwami. Mwami anayekataliwa kula mutama mbele ya watu wake ni mutu murefu aliyevaa kofia.

Na kumupeleka Gashamura Burundi kulikuwa na maana nyingine. Maarifa yake hayakuwa mu kitabu. Ukimuondoa mutu, umeondoa kitabu. Vijana ambao walipaswa kujifunza ku miguu yake walibaki na shule ya Leta na katekisimu. Kwa kizazi kimoja tu, mambo yaliyobebwa na wengi tangu zamani yakabaki mu vichwa vya wazee wachache.

Miaka mitatu nyuma yake njaa kubwa ikaingia, mu 1928 na 1929, ile waliyoiita Rwakayihura. Ilianza upande wa mashariki, mvua ilipokataa, na ilikuta watu wakiwa wanatolewa mu mashamba kwa kazi za barabara. Wengi walikufa, wengine walikimbilia Uganda na Congo. Hatuwezi kusema njaa ilitoka kwa sikukuu iliyokatazwa. Mvua haina habari na karatasi za rezida. Lakini fikirieni mukulima wa wakati ule. Mwaka wa 1924 alijua mwami ameonja mutama. Mwaka wa 1928 mutama wenyewe haukuwepo, na hakuna aliyesimama mbele yake kwa kusema neno la kumutia moyo. Njaa ilimukuta peke yake.

Kamembe, kisha Moba

Kutoka hapo Musinga alikuwa kama mutu anayekaa mu nyumba iliyouzwa. Wakubwa vijana waliosoma shule walikwenda kwa mapadri, kwa sababu ndiko kazi na ushefu vilipatikana sasa. Askofu Classe, aliyekuwa na sauti kubwa ku serikali, aliona hakuna kitu cha kungoja kwake, na mwishoni mwa 1930 akatoa makala mu gazeti la Ubelgiji ya kumuchafua. Musinga alitoa ngombe, alitoa ardhi, alinyamaza, alikasirika. Ubatizo hakuupokea.

Tarehe 12 mwezi wa kumi na moja 1931, gavana Voisin akafika Nyanza na kumuambia kwamba amefukuzwa. Siku mbili tu nyuma yake, Musinga akatoka na mama yake, wake zake, watoto na wabebaji wengi, kufuata njia ya Kamembe, kusini ya ziwa Kivu, upande wa pili ukiangalia Bukavu. Tarehe 16, kiti chake kikakaliwa na mutoto wake mwenyewe, Rudahigwa, kijana aliyesoma shule ya Wabelgiji. Hakuna Abiru waliomuchagua. Gavana ndiye aliyemutangaza.

Ku Kamembe Kanjogera akakufa mu 1933. Mwanamuke huyu aliyesimama mu moto wa Rucunshu, aliyeshika inchi kwa mukono wa mutoto, akazikwa mu uhamisho. Musinga alibaki karibu miaka tisa kando ya ziwa, karibu na inchi yake, hata angeweza kupata habari zake kila siku. Pengine hiyo ndiyo iliwatia watawala woga. Mu 1940, vita ilipowaka Ulaya na Ubelgiji yenyewe ikaanguka mikononi mwa Hitler, wakamupeleka mbali zaidi: Moba, kando ya ziwa Tanganyika, mahali palipoitwa wakati ule Baudouinville.

Moba ulikuwa muji wa Mapadri Weupe, na kanisa kubwa lililojengwa kwa matofali. Ndipo walipomuweka mutu aliyekataa maji yao kwa miaka 40. Kengele ilipiga asubuhi, ilipiga saa sita, ilipiga jioni. Yuhi, ambaye desturi ilimukataza kuvuka Nyabarongo, alikuwa sasa mu inchi nyingine, kati ya watu ambao hawakujua jina lake. Lakini Kiswahili, kile alichojifunza ku baraza la Nyanza, ndicho lugha ya Moba. Kwa hiyo lugha tunayoandika hapa ndiyo iliyomubakilia kwa kuomba maji, chumvi na habari.

Akakufa huko mu 1944. Hakuonja tena mutama wa Bumbogo.

Mutoto wake Rudahigwa alibatizwa mu 1943, na mu 1946 akaweka Rwanda mikononi mwa Kristo Mufalme. Alikuwa mwami kwa miaka 28, hata kufa kwake mu 1959. Nyuma yake ufalme wenyewe ukafutwa. Lakini kitunga hakikupotea kabisa. Tangu 2011 serikali ya Rwanda imerudisha Umuganura kuwa sikukuu ya inchi, ijumaa ya kwanza ya mwezi wa nane. Mwami hayuko tena. Siri za Abiru hazitumiki tena. Wanaleta mutama, maharagi, mahindi, na wanawapa watoto maziwa. Mambo mengi yamebadilika, lakini tendo la kwanza limebaki: mavuno yanaonyeshwa mbele ya wote kisha yanagawanywa.

Na sisi hapa

Tangu 1937 serikali ya Wabelgiji ilileta jamaa nyingi kutoka Rwanda mu Masisi, mu udongo wa Bahunde, bila kuwauliza vizuri wenye udongo wala wale walioletwa. Walikuja watu waliokwisha kuona njaa ya Rwakayihura na kuona mwami wao akifukuzwa. Mukoloni yuleyule aliyehamisha mwami alihamisha na mukulima. Shida iliyozaliwa hapo hatutaimaliza mu ukurasa mumoja. Lakini ni vizuri mutoto wa Masisi, awe Muhunde, awe Mututsi, awe Muhutu, ajue kwamba mukono uliowapanga baba zake kama mawe ya bao ulikuwa mumoja.

Mu Walikale, kwa Wanyanga na Wakumu, na mu Masisi kwa Bahunde, tunajua namna wazee walivyoheshimu wa kwanza wa kila kitu: ndizi ya kwanza, nyama ya kwanza, pombe inayomwagwa kidogo chini mbele ya kunywa. Leo mashamba mengi yanalala. Wenye nguvu wako Rubaya, wako Bisie, mu mashimo. Tunavuna koltani na kasiterite, mavuno ambayo hayana mbegu na hayana msimu. Mutu anashuka na nyundo na mutalimbo usiku na mchana, gunia linatoka, linapimwa, linakwenda, na anayelila ni mutu wa mbali ambaye hatamuona. Hakuna siku ambapo mukubwa wa shimo na mubebaji wanakaa mbele ya kitunga kimoja.

Tunajua nini muchimbaji anafanya na mali ya kwanza. Wengine tumewaona: kilo imeuzwa jioni, asubuhi mufuko ni mutupu, bibi na watoto kule kijijini wanasikia tu kwamba shimo limetoa. Hatuwahukumu. Mutu aliyetoka chini ya udongo na uzima wake ana haki ya kunywa kidogo. Lakini tumeona wengine pia, na wao ndio waliotuletea wazo la kuandika habari hii. Kuna jamaa ambazo zimeweka kanuni yao wenyewe. Mali ya kwanza ya kila mwezi haipiti mu kilabo. Inafika nyumbani, inakuwa maharagi, bugali na nyama kidogo, wote wanaitwa, hata mama mukwe, hata jirani asiye na mutu mu shimo. Baba anaonja wa kwanza, kisha mikono yote inaingia. Kisha ndipo wanahesabu madeni.

Hakuna rezida wa kuwakataza. Hakuna gavana atakayekuja kwa kusema kwamba chakula kile ni hatari. Sikukuu ya Musinga iliuawa kwa karatasi; zetu zinakufa polepole bila karatasi yoyote, kwa sababu hatuna wakati, kwa sababu tuko mbali, kwa sababu makuta yanakwisha njiani. Musinga alifukuzwa ku meza yake kwa nguvu za wengine. Wengi wetu tunaondoka ku meza yetu kwa miguu yetu wenyewe.

Mutama wa Masisi ukikauka na kuwa mwekundu mu milima, mwenye shamba hata dogo asimamishe kazi siku moja. Akate kichwa cha kwanza, akirudishe nyumbani, awaite watoto na awaonyeshe chakula kinatoka wapi. Na mwenye kutokuwa na shamba, afanye vile na pesa ya gunia lake la kwanza.